Somo la "Bwana ametamalaki" kwa watu wenye hofu: nianzie wapi?

Mwandaaji
Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Naandaa somo la kikundi kuhusu ufalme wa Mungu, watu 12, dakika 60. Wanafika vichwa vimejaa habari za vita na uchaguzi. Ukiwaambia "Mungu anatawala" wanaitikia amina, kisha wanarudi kwenye simu. Nitumie maandiko yapi, kwa mpangilio gani, lisiishie kwenye "usiogope" tupu?

Msoma Zaburi
Anza na Zaburi ya 93. Ina mistari 5 tu, isomwe kwa sauti mara 2. Simama kwenye mstari wa 3: "mito imepaza" imerudiwa mara 3. Mtunzi hafichi kelele, wala hasemi maji yametulia. Mstari wa 4 unasema Bwana aliye juu ana ukuu kupita sauti ya maji hayo. Hapo kaeni dakika 20 nzima, na kila mmoja ataje mto unaompigia kelele sasa.

Kisha waonyeshe neno "ametamalaki" la mstari wa 1, yaani anatawala kama mfalme. Mzizi wake ni ule wa miliki, milki na malkia, na Kiebrania cha zaburi hiyo kina mzizi huohuo, malak. Tena ni -me-, si -ta-. Wengi huhubiri kana kwamba imeandikwa "atatamalaki", na tumaini linageuka kuwa kusubiri kiongozi ajaye.

Malizia na Luka 3:1-2. Wahesabu wenyewe majina ya wakubwa: Tiberio, Pilato, Herode, Filipo, Lisania, Anasi, Kayafa. Saba. Halafu neno la Mungu linamfikia Yohana Mbatizaji, nyikani! Danieli 7 iache siku hiyo. Wanyama 4 na pembe 10 watakula saa yote, mkibahatisha pembe ipi ni nchi ipi.

Mama wa Maombi
Naongeza upande wa hofu yenyewe. Wafilipi 4:6-7 Paulo aliiandika akiwa kifungoni. Anataja kusali, kuomba na kushukuru, na haja "zijulikane na Mungu". Haja haijulikani ikiwa haijatajwa, kwa hiyo wape karatasi, kila mtu aandike hofu 1 kwa sentensi 1. "Naogopa hali ya dunia" ni pana mno. "Naogopa kupoteza kazi mwezi ujao" inaombeka. Chini yake aandike jambo 1 la kushukuru. Wakiruka shukrani, maombi huwa taarifa ya habari inayosomwa kwa macho yaliyofumbwa.

"Itawahifadhi" ya mstari wa 7, kwa Kigiriki, ni neno la askari walinzi wa mji. Filipi ilikuwa koloni la Kirumi, mji wa askari wastaafu, walilielewa haraka.

Na tafadhali, asiyelala wiki nzima kwa wasiwasi asiambiwe imani yake ni ndogo. Aombewe, na aende kwa daktari.

Mzee wa Kanisa
Hatari kubwa naiona kwingine: mtu atasema "Mungu anatawala" akimaanisha chama chake kimeshinda. Zaburi 146:3 inazuia hilo: "Msiwatumainie wakuu." Hata wale tunaowapenda. Wengine watachukua Yohana 18:36, "Ufalme wangu sio wa ulimwengu huu", na kusema basi dunia haituhusu. Yesu anaeleza ufalme wake unatoka wapi; hajasema usiguse njaa ya jirani.

Kwa Wakatoliki, sherehe ya Kristo Mfalme iliwekwa na Papa Pius XI mwaka 1925, na sasa huadhimishwa Jumapili ya mwisho kabla ya Majilio, majuma ya kujiandaa kwa Krismasi. Injili zake, zinazosomwa kwa mzunguko wa miaka 3 (A, B, C), zinafaa kikundi chochote: Mwaka A ni Mathayo 25:31-46, B ni Yohana 18:33-37, C ni Luka 23:35-43. Mfalme mwenye njaa, mfalme mshtakiwa, mfalme msalabani.

Mwandaaji
Mbarikiwe sana. Zaburi 146 niisome kabla ya karatasi au baada?

Mama wa Maombi
Kabla, na usiishie mstari wa 3. Fika wa 9, penye wageni, yatima na mjane, ndipo ugawe kalamu.