Niliyenunua jezi yake kahamia kwa watani wetu wa jadi. Nihame na mimi?

Kibarua wa Usiku (mleta uzi)

Wakuu, habari za humu. Naomba ushauri. Najua wapo watakaocheka, chekeni tu, ila mkimaliza mnisaidie.

Nipo Marekani mwaka wa nne huu, jimbo moja la Midwest. Mdogo wangu wa kike anasoma chuo kikuu cha hapa (sikitaji, kazini kuna watu wanatafsiri kila kitu kwa simu). Yeye ndiye aliyenivuta kwenda kuangalia kikapu. Kikapu nilikicheza sekondari, kwa hiyo sikuhitaji kufundishwa. Nikanasa. Msimu uliopita nimekosa mechi mbili tu za nyumbani, zote kwa sababu ya zamu. Nilishajua nani usimwachie nafasi kwenye kona ya kushoto, nani akila faulo mbili mapema anapotea mchezoni, hadi nani mama yake anakaa nyuma ya benchi na kengele ya ng'ombe.

Desemba nikajilipua: jezi ya namba 4, mchezesha timu wetu, dola 110. Hiyo ni zamu nzima ya ghalani imeishia kifuani. Aprili, hata wiki mbili hazijaisha tangu tutolewe, namba 4 kaingia kwenye dirisha la uhamisho. Siku tano baadaye picha inazunguka mtandaoni kavaa kofia ya watani wetu. Watani, jamani! Wala hakuondoka peke yake. Kati ya wachezaji 15 wameondoka tisa.

Futiboli ya Kimarekani ndiyo kabisa. Nimeenda uwanjani mara tatu, tumefungwa zote tatu, na mpaka leo sielewi kwa nini watu maelfu wanasimama kwa mpigo wakati mimi sijaona chochote kilichotokea.

Mdogo wangu ananiambia hata yeye hakuwajua wale wachezaji kwa majina, nimejitakia mwenyewe. Je, nihamie chuo kinachoshinda, nibaki hapa, au niachane na mambo ya vyuo? Na hii jezi naifanyaje? Nawasilisha.

Chumvi Kidogo

Jezi lalia. Pole mkuu.

Dada wa Durham

Karibu kwenye msiba, kaka. Sisi huku tunazika kila Aprili.

Mimi niko Durham, North Carolina, kwa hiyo nashabikia chuo cha Duke kwa sababu ya ujirani tu. Msimu wa 2024-25 tulikuwa na Khaman Maluach, kijana wa Sudan Kusini aliyekulia Uganda. Nilimpenda kama mdogo wangu wa damu. Timu ikafika nne bora San Antonio, tukaongoza kwa pointi sita zikiwa zimebaki sekunde kama 35, Houston wakatutoa 70 kwa 67. Nililala na viatu. Juni Maluach akachaguliwa wa 10 kwenye NBA, akaenda zake. Mwaka mmoja tu!

Nilichojifunza ni hiki: mchezaji mpende kuanzia Novemba mpaka Machi, lakini moyo uuweke kwenye jengo. Uwanja wetu wa Cameron umefunguliwa 1940 na unachukua watu 9,314 tu, yaani kelele zake unazisikia mpaka kwenye meno. Kabla ya mechi na chuo cha North Carolina, watani wetu ambao wako kama maili 10 kutoka hapa, wanafunzi wanalala kwenye mahema nje ya uwanja kwa wiki kadhaa, Januari, baridi ikiuma. Waulize hao wa kwenye mahema kama wanasubiri mchezaji fulani. Wengine hawajui hata nani ataanza.

Mzee wa Yadi Kumi

Mimi nijibu la futiboli, maana huko kwingine mtanilizia mtu bure.

Mkuu, ulikosea sehemu moja: ulikuwa unautazama mpira. Usiutazame. Timu inapewa majaribio manne ya kusogea yadi 10. Ikifaulu inapewa manne mengine, ikishindwa mpira unakwenda kwa wenzao. Kwa hiyo jaribio la tatu ndilo lenye presha, kwa sababu likifeli, mara nyingi la nne wanapiga mpira mbali kwa mguu kuokoa jahazi.

Sasa ule msimamo uliokushangaza. Wapinzani wakiwa na mpira kwenye jaribio la tatu, kwotabeki wao, yule anayeongoza mashambulizi na kurusha mpira, anakuwa anawapigia wenzake kelele za maelekezo. Uwanja mzima unasimama na kupayuka ili wasimsikie. Mmoja wao akitikisika kabla mpira haujatoka, wanarudishwa nyuma yadi 5. Yaani hapo wewe shabiki umecheza, umewapokonya yadi 5 ukiwa na soda mkononi. Timu yenu ikiwa na mpira, kimya. Ukipiga vuvuzela wakati huo jirani yako atakutazama kama umetukana kanisani.

Mechi inayofuata kaa juu kabisa, kwenye tiketi za bei ya chini. Kule ndiko unaiona safu yote ikifunguka kama pazia. Chini unaona migongo tu.

Kibarua wa Usiku

Mzee, mimi ndiye niliyepiga kelele. Tulikuwa na mpira sisi. Kuna baba alinigeukia na mtoto wake wakanitazama wote wawili. Sasa nimeelewa.

Mhasibu Mstaafu

Mnamlaumu namba 4 bure. Tuangalie mahesabu.

Zamani mchezaji wa chuo alipata ada, chakula na malazi, basi. Akihama, mara nyingi alikaa benchi mwaka mzima kama adhabu, huku kocha anahama leo na kesho anaanza kazi kwingine kwa mamilioni. Julai 2021 wakaruhusiwa kulipwa kwa matangazo ya jina na sura zao. 2024 ikaondolewa adhabu ya kukaa nje hata kwa anayehama mara ya pili au ya tatu, mradi masomo yako sawa. Juni 2025 mahakama ikapitisha makubaliano yanayoruhusu vyuo vyenyewe kuwalipa wachezaji moja kwa moja, mpaka kama dola milioni 20.5 kwa chuo kwa mwaka wa kwanza. Wewe ukiwa na miaka 20, ghala la jirani likikupa mara tatu ya mshahara wako, utabaki kwa sababu kuna mtu kanunua jezi?

Halafu mlango uliomtoa ndio utakaoleta wengine. Angalia chuo cha Indiana. Mwaka 2023 futiboli yao ilishinda mechi 3, ikapoteza 9, na kihistoria walikuwa kichekesho. Akaja kocha Curt Cignetti na kundi la vijana aliotoka nao chuo cha James Madison. Baadaye wakamchukua kwotabeki Fernando Mendoza kutoka chuo cha California, akabeba Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa futiboli ya vyuo, na Januari 2026 wakaifunga Miami 27 kwa 21 wakawa mabingwa. Mechi 16, ushindi 16. Walioikimbia Indiana 2023 sijui leo wanamweleza nini mtu.

Kijiti Kikavu

Naomba kutofautiana na mhasibu. Hesabu zako ni sahihi ila ushabiki haujawahi kuwa hesabu. Pesa waanze kulipwa, hata mimi naunga mkono, walinyonywa sana. Ila msituambie hakuna kilichopotea. Vyuo vya Stanford na California viko pwani ya Pasifiki, na tangu 2024 vinacheza kwenye konferensi, yaani ligi ya kundi la vyuo, inayoitwa ya Pwani ya Atlantiki! Mwanafunzi anapanda ndege kuvuka nchi nzima kwenda kucheza Jumatano usiku, Alhamisi ana mtihani. Pac-12, konferensi ya vyuo vya magharibi ya zaidi ya miaka mia, ilibaki na vyuo viwili msimu huo. Watani waliokutana vizazi na vizazi wametenganishwa kwa ajili ya mikataba ya televisheni.

Mleta uzi, kuhama timu usihame. Simba haendi Yanga kwa sababu kafungwa.

Chumvi Kidogo

Namba 4 ndivyo alivyofanya sasa.

Shangazi wa Hartford

Nimesoma wote, hakuna aliyemwambia kitu cha maana zaidi: mwanangu, nenda kaangalie timu ya wanawake ya chuo hicho hicho.

Nakueleza kwa nini. Kanuni za NBA zinamtaka kijana awe na miaka 19 na mwaka mmoja tangu amalize sekondari, kwa hiyo mwenye kipaji anapita chuoni kama anayebadilisha basi. WNBA, ligi ya wanawake, kwa binti wa Kimarekani inataka atimize miaka 22 mwaka huo wa kuchaguliwa, au awe amemaliza chuo. Kuhama wanahama nao pia, sikudanganyi, ila mwenye nyota anakaa kwenye vyuo muda wa kutosha ukamwona anakua. Caitlin Clark alikaa chuo cha Iowa miaka minne, akaondoka 2024 na pointi 3,951. Watu walimwona akiwa binti wa mwaka wa kwanza anayepoteza mipira hovyo.

Mimi niliingia UConn, yaani Chuo Kikuu cha Connecticut, kwa mlango wa kiume. Kijana wetu Hasheem Thabeet alikuwa pale 2006 mpaka 2009. Nilikuwa nikimwona anaruka kuzuia mpira natamani kuwaambia walio pembeni yangu, huyo ni wa Dar es Salaam huyo! Machi 2009 ile mechi na Syracuse pale New York ilikwenda muda wa nyongeza mara sita, ikaisha saa saba na ushee usiku, tukafungwa 127 kwa 117. Asubuhi nilikuwa na zamu ya saa kumi na mbili. Mwaka huo akachaguliwa wa pili NBA, kabla ya James Harden. Alipoondoka nikawa kama wewe, sina hamu. Jirani akanipa tiketi ya wanawake. Wanawake wa UConn wana makombe 12, la mwisho 2025, na kocha Geno Auriemma yupo tangu 1985. Sijatoka mpaka leo, na tiketi kwa kawaida ni nafuu.

Futiboli yetu usiniulize.

Mzee wa Yadi Kumi

Shangazi, futiboli yenu 2024 ilishinda mechi 9, hiyo ya kujificha ni ya zamani.

Shangazi wa Hartford

Nilisema usiniulize.

Mla Viazi

Mimi nataka kuongeza dogo tu. Usibeti kwenye mechi za vyuo, hasa kwa mchezaji mmoja mmoja. Nilikuwa nabeti. Ukishaweka pesa kwa mtoto wa miaka 19 kwamba atafunga 12, akifunga 11 unamchukia kama kakuibia, na wapo wanaowaandikia matusi kwenye simu zao. Niliacha siku niliyojikuta naandika mimi.

Msafiri wa Mahindi

Iowa hapa. Kila mtu anaongelea kushinda na kuondoka, mimi nina cha kando. Uwanja wetu wa futiboli, Kinnick, umepakana na hospitali ya watoto. Tangu 2017, robo ya kwanza ikiisha, watu karibu 70,000 wanageuka na kupunga mikono kuelekea madirisha ya juu. Mashabiki wa wageni nao wanapunga, wachezaji wanapunga, waamuzi wanapunga. Juu kule unaona vidole vidogo kwenye kioo. Mara ya kwanza nilidhani nimeingia kumsindikiza bosi wangu tu. Matokeo ya siku hiyo siyakumbuki.

Tafuta kitu kama hicho kwenye chuo chenu. Lazima kipo.

Kibarua wa Usiku

Wakuu nashukuru sana, nimesoma yote mapumzikoni. Shangazi, nimekusikia. Nitaleta mrejesho.

Kibarua wa Usiku

MREJESHO. Novemba imefika na sijahama.

Kazini yuko mzee mmoja, anashabikia chuo hiki tangu kabla sijazaliwa. Nilipomsimulia habari ya namba 4 hakusema kitu, akanialika kwake Jumamosi tuangalie futiboli ya ugenini. Anazima sauti ya televisheni, anawasha redio ya chuo. Redio inatangulia picha kwa sekunde kadhaa. Kwa hiyo tumekaa pale, mtangazaji anashangilia tachidauni, yaani mpira umefikishwa eneo la mwisho la wapinzani, na kwenye kioo vijana wetu ndiyo kwanza wanapanga mstari. Mzee ananiangalia, anatabasamu, anaelekeza kidole kwenye televisheni: subiri uone. Tulipoteza, lakini ile tachidauni moja niliiona mara mbili. Jaribio la tatu nalijua sasa.

Mechi mbili za wanawake nimeshaenda. Yupo binti wa mwaka wa kwanza anapoteza mipira hovyo, shangazi ungemfurahia.

Jezi sikuiuza. Mdogo wangu kabandika plasta nyeusi juu ya jina, namba tumeiacha. Juzi mechi ya kwanza ya wanaume, namba 4 kapewa dogo mmoja mwembamba aliyehamia kutoka chuo kidogo sana. Zimebaki sekunde nane, tuko nyuma kwa moja, dogo yuko mstarini kwa mipira miwili ya adhabu. La kwanza likaingia. La pili likazunguka kwenye chuma, likazunguka, likatoka. Nilijikuta nimesimama juu ya kiti, nimeishika ile plasta kifuani kama mtu anayeimba wimbo wa taifa. Muda wa nyongeza tukafungwa.

Jina lake bado sijalishika vizuri, ni refu. Kesho kutwa wanacheza tena na nimeshabadilishana zamu.

Chumvi Kidogo

Usinunue jezi.