Baba anataja msumeno bila shida, ila paka hamtambui

BintiSeremala: Wakuu, naomba mnieleweshe. Virusi vya herpesi vilimshambulia baba ubongo. Amepona, anaongea vizuri, macho yamepimwa ni mazima. Tukipitia picha, msumeno anautaja hapo hapo na kueleza hadi unavyonolewa. Randa, patasi, kufuli, vyote anavijua. Nikimwonyesha paka anaduwaa, kisha anasema, "Mnyama… mnyama gani huyu?" Simba vilevile. Ni kwa sababu ameshika vifaa maisha yake yote? Inaniuma kumwona hivyo.

TibaUsemi: Pole sana dada, mzee apate nafuu. Mazoea yanaweza kuchangia, lakini hayatoshi. Mwaka 1984 watafiti wa ubongo Elizabeth Warrington na Tim Shallice walieleza wagonjwa wanne waliopona ugonjwa huohuo: vifaa waliviweza, viumbe hai vikawashinda. Virusi hivyo hupenda kuharibu ubongo upande wa chini, usawa wa masikio. Maelezo yao ni kwamba mnyama tunamjua zaidi kwa sura, na kifaa kwa kazi yake. Punda na farasi utawatofautisha kwa masikio na mkia. Nyundo inajulikana kwa kugonga. Ujuzi wa sura ukiharibika, wanyama ndio wanaoumia. Jambo ambalo mpaka leo linanishangaza: mmoja wao alishindwa hata ala za muziki, ilhali viungo vya mwili alivitaja.

Sasa fanya hivi: weka picha pembeni, muulize kwa maneno tu paka yukoje. Akikueleza vizuri, shida iko kwenye kuona au kupata jina. Asipoweza, ujuzi wenyewe umeguswa.

Mdadisi: Naongezea. Wapo wagonjwa wa kinyume chake, wanyama wanawajua na vifaa vinawapotea, kwa hiyo si kwamba wanyama ni wagumu tu. Ila hiyo hoja ya sura mimi hainitoshi. Watafiti wengine, Caramazza na Shelton, 1998, walimchunguza mgonjwa aliyekosea sura za wanyama na pia tabia zao. Wao wanaona ubongo una mfumo wake wa viumbe hai, kwa kuwa kwa mababu zetu wa kale kumtambua mnyama haraka kulikuwa suala la kufa na kupona.

BintiSeremala: Asanteni mno. Nimemuuliza bila picha. Anasema paka anakaa nyumbani na watu, lakini masikio yakoje, ana mkia au hana, hajui. Nimeandika majibu yote nimpelekee daktari wake.

TibaUsemi: Vizuri sana. Mwambie pia daktari kuhusu vifaa anavyovitaja, asiandike tu "amesahau majina".