Nisaini mkataba wa mwaka mzima wa kubeba mikate hadi Taveta na dizeli yenyewe hii?

Pikapu_Changamwe
Asalaam aleikum wandugu. Nina pikapu moja ya dizeli. Kampuni moja ya mikate hapa Mombasa imeniita niwabebee mzigo hadi Voi na Taveta mara tatu kwa wiki. Mkataba ni wa miezi 12, malipo ni kwa safari na hayabadiliki. Kwenda na kurudi ni kama kilomita 530, na gari likiwa na mzigo lanila lita 55. Ijumaa wanataka sahihi yangu.

Kinachonitia hofu ni yaliyonipata 2023. Nilipatana na mteja mwingine mwezi wa Agosti, bei moja mwaka mzima. Septemba 14 ikatangazwa dizeli imepanda shilingi 21.32 kwa mpigo. Asubuhi yake nikaenda pampu ileile, nikatoa elfu kumi zilezile. Kabla ya hapo elfu kumi ilikuwa yanipa lita 56. Siku hiyo pampu ikasimama kwenye 50 na kitu. Nikamuuliza kijana wa pampu kama amemaliza, akanambia, "Mzee, pesa yako ndiyo imeishia hapo."

Nilimwendea mteja tuzungumze, akanionyesha karatasi niliyosaini. Nilibeba kwa hasara hadi mwaka ukaisha, na matairi nilinunua kwa pesa za chama cha akiba cha mke wangu. Sitaki kumrudisha pale tena.

Naomba ushauri kwa mambo mawili. Nijaze mafuta hapa Mombasa au Voi? Na bei ya safari niipange vipi?

Trela_Miritini
Waaleikum salaam ndugu yangu. Hilo la kwanza ni jepesi. Jaza hapa, tangi zima, uende na urudi nalo. Mafuta ya nchi hii hushushwa Kipevu, hapa bandarini Mombasa, kwa hivyo sisi ndio tulio karibu na meli. Kila tarehe 14 EPRA, mamlaka inayopanga bei ya juu kabisa ya mafuta hapa Kenya, ikitoa orodha ya bei za miji, tafuta Mombasa utaikuta chini kabisa, na Mandera juu kabisa. Mimi nimeendesha njia hii miaka mingi na sijaona ikigeuka. Voi huzidi kwetu kidogo, Taveta huzidi Voi, kwa sababu huko mafuta hufika kwa lori na lori lina gharama yake.

Lakini usidhani hapo ndipo pesa ilipo. Hata Nairobi, kilomita karibu 500 kutoka hapa, huzidi sisi kwa shilingi tatu na ushei tu. Bomba linalopeleka mafuta huko liko tangu 1978, na bomba ni rahisi kuliko lori.

Kijana_wa_Bombolulu
Kaka, dawa ni kuweka akiba. Tarehe 13 nunua mapipa mawili ya dizeli uweke nyumbani. Ikipanda, wewe una yako ya bei ya zamani.

MamaMikate_Mtwapa
Mwanangu wa Bombolulu, usimshauri mwenzio hivyo. Nyumba zetu zimeshonana ukuta kwa ukuta, watoto wanalala chumba cha pili, jiko la mkaa liko uani. Pipa la mafuta ukiliweka humo hujiwekei akiba, umejiwekea moto, wewe na jirani zako.

Na kuna jambo ambalo wanaume hamlijui. Mimi nimeuza mikate miaka kumi na miwili. Siku moja msambazaji aliniletea mzigo akiwa na mtungi mmoja tu wa dizeli nyuma ya gari, umefungwa vizuri, haukumwaga hata tone. Nilipofungua kreti ya kwanza harufu ilinipiga usoni. Mkate wa nje na wa ndani, wote ulinuka. Nilirudisha kreti zote na wateja wangu wa asubuhi wakaenda duka la pili. Mkate hunyonya harufu kama pamba. Ukibeba mtungi mara moja tu, mkataba wako umekwisha.

Kijana_wa_Bombolulu
Nimekuelewa mama. Samahani.

Daftari_la_Tudor
Pikapu, swali lako la pili ndilo la maana, tulia tulihesabu.

Tofauti ya mji na mji, tuseme shilingi 3 kwa lita. Kwa lita 55 ni shilingi 165 kwa safari. Kwa safari 13 za mwezi ni 2,145. Inauma lakini hutafilisika.

Tofauti ya mwezi na mwezi ndiyo iliyokuangusha. Hizo 21.32 za Septemba 2023 mara lita 55 ni 1,172 na senti kwa safari. Kwa mwezi ni zaidi ya 15,000. Hiyo ni ada ya mtoto. Kwa hivyo usihangaike sana na wapi pa kujaza. Hangaika na kile kitakachoandikwa kwenye karatasi.

Waambie hivi: bei ya safari imepangwa kwa msingi wa bei ya juu ya dizeli ya Mombasa iliyotangazwa na EPRA siku ya kusaini. Andikeni tarakimu yenyewe. Kila tangazo jipya likitoka, chukueni tofauti yake na ile ya msingi, zidisheni kwa lita 55, mwongeze au mpunguze kwenye malipo ya safari kuanzia tarehe 15. Hakuna wa kubishana na mwenziwe, kwa sababu tarakimu haitoki kwako wala kwao.

Hizo lita 55 zipime mbele yao. Jazeni tangi hadi shingoni, peleka mzigo, rudi, jazeni tena kwenye pampu ileile. Kilichoingia ndicho ulichokula.

Pikapu_Changamwe
Shukran sana, shekhe. Lakini "mpunguze"? Yaani ikishuka, mimi nirudishe?

Daftari_la_Tudor
Ndiyo, urudishe, na uwe wewe wa kwanza kulisema. Ukiomba kuongezwa tu hawatakubali, na wana haki. Dizeli ya Nairobi Oktoba 2023 ilikuwa 205.47. Oktoba 2024 ilikuwa 168.06. Ni shilingi 37 zimeshuka ndani ya mwaka mmoja. Mafuta yananunuliwa kwa dola, na katika mwaka huo shilingi ilipata nguvu, kutoka karibu 150 kwa dola hadi 129. Mteja aliyekuwa amefunga bei Oktoba 2023 alilipa dizeli ambayo wewe hukuinunua. Wewe hutaki kudhulumiwa, basi naye asidhulumiwe.

Trela_Miritini
Naongeza moja. Ukisikia kwenye redio kwamba mafuta yameshuka duniani, usitarajie pampu yako ishuke kesho. EPRA huhesabu kwa shehena zilizokwisha kushushwa bandarini, kwa hivyo habari ya leo utaiona mwezi ujao au baadaye.

Na haishuki yote, kwa kuwa kodi nyingi ni kiasi kilekile kwa kila lita, mafuta yawe ghali au rahisi. Ushuru wa barabara ulikuwa shilingi 18, tangu Julai 2024 ni 25. VAT huenda kwa asilimia, nayo Julai 2023 ilitoka 8 ikawa 16. Serikali ikigusa kodi, bei hupanda hata meli ikileta mafuta rahisi. Ndiyo maana mkataba ufuate bei ya pampu, usifuate bei ya dunia.

Mpare_wa_Holili
Ukifika Taveta utashawishiwa uvuke mpaka kujaza upande wetu wa Tanzania. Huku EWURA, mamlaka yetu kama EPRA yenu, hutangaza bei Jumatano ya kwanza ya mwezi, kwa hivyo kuna siku tunakuwa chini na siku tunakuwa juu. Usijenge hesabu ya mwaka juu ya hilo, na madumu ya magendo usiyaguse. Gari likikamatwa mikate nayo inakaa kituoni.

Pikapu_Changamwe
Wandugu, narudi na habari. Jana tulipima: lita 54 na nusu. Leo nimekaa na meneja wao, nikaanza na kushuka kabla ya kupanda kama nilivyofundishwa. Alinyamaza kidogo akiangalia zile hesabu za 2023 na 2024, kisha akamwita mhasibu. Wamekubali, ila tofauti ikiwa chini ya shilingi 2 hatugusi bei. Wameandika lita 54, nami nimekubali.

Nilimpelekea mke wangu karatasi aisome kabla ya sahihi. Aliisoma mara mbili, akaniuliza tarehe 15 ni nani atakayepiga hesabu. Nimemwambia ni yeye. Safari ya kwanza ni Jumatatu, naanza kupakia saa tisa usiku.

MamaMikate_Mtwapa
Mola akufungulie, mwanangu. Na ule mtungi uuache nyumbani hata ukiwa mtupu.