Atrazine niliyopiga masika, maharage ya vuli yatapona kweli?

Mkulima Muheza: Wakuu habari, mwezi wa 4 nilipiga atrazine, dawa ya kuua magugu, kwenye mahindi, magugu yakaisha kabisa na mahindi nikavuna vizuri tu, sasa mwezi wa 10 nataka niweke maharage palepale ila jirani ananambia dawa bado imo ardhini ntapoteza mbegu. Ntajuaje? Na huo ugali watoto wanaokula je uko salama?

Bin Korogwe: Jirani ana point mkuu. Atrazine inapungua nusu kila siku 60 hivi kwa wastani, kwahiyo ndani ya siku 180 inabaki moja ya nane, yaani kama ulipiga kilo 1 kwa hekta bado zipo kama gramu 125. Na hapo udongo uwe na unyevu maana wanaoivunja ni vijidudu vya ardhini, kiangazi kikikaza nao wanapoa na dawa inabaki nyingi zaidi. Udongo wako ukapimwe pH (kipimo cha uchachu) hapo TARI Mlingano, kituo cha utafiti wa kilimo, ikizidi 7 dawa inakawia zaidi.

Mama Shamba: Kaka pima kwa makopo. Chota udongo wa juu sehemu nyingi za shamba, changanya, jaza makopo kadhaa, mengine jaza udongo usiowahi kupigwa dawa, panda maharage kote weka juani wiki 3. Usidanganyike yakiota!! Hii dawa haizuii kuota, inazuia jani kutengeneza chakula kwa mwanga wa jua, mche unatoka mzuri kwa akiba ya mbegu halafu majani ya chini yanaanza njano kwenye kingo yanakauka.

Mtu wa Maabara: Mama yuko sahihi, ila kopo halikwambii kiasi. Kiasi unapata maabara, TPHPA Arusha (mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, zamani TPRI) wanapima mabaki ya viuatilifu. Sampuli isafiri kwenye barafu tafadhali, ikikaa kwenye joto vijidudu vinaendelea kula dawa njiani na majibu yanatoka madogo kuliko ukweli. Waombe wapime na deethylatrazine, hiyo ni atrazine iliyovunjika nusunusu na bado inaunguza mimea. Ugali usikutie presha sana, mahindi yenyewe yanaivunja dawa ndo maana hayafi, na kama ulipiga mapema kwenye punje huwa haionekani kabisa au kidogo mno.

Mkulima Muheza: Asanteni sana, makopo naanza kesho. Yakiungua niweke nini vuli hii?

Mama Shamba: Rudia mahindi au weka mtama, yote yanaivumilia. Mchicha na nyanya usiguse.