Kishawishi cha Kwaresima: kizuizi cha uhuru au njia yake?

Swali: Tumsifu Yesu Kristo. Tangu Jumatano ya Majivu, siku ya kwanza ya mfungo wa Kwaresima kabla ya Pasaka, nimeacha pombe, lakini hamu yake imezidi. Je, nimeshindwa?

Jibu la 1: Milele na milele, amina. Hapana, ndugu, kushawishiwa si dhambi. Roho ndiye aliyemwongoza Yesu jangwani, na baada ya kufunga siku 40 alimjibu Ibilisi, aliyemtaka ageuze mawe kuwa mikate, kwa maneno ya Kumbukumbu la Torati 8:3 kwamba mtu haishi kwa mkate tu, maneno waliyoambiwa watu waliokwisha kutoka utumwani Misri ingawa mioyo yao iliwahi kutamani vyungu vya nyama vya huko.

Jibu la 2: Hamu hiyo imekufunulia kilichokuwa kikikutawala, jambo ambalo usingelijua kama ungeendelea kunywa. Mweleze padre wako, wala usibaki peke yako jioni.

Muulizaji: Asanteni. Ijumaa nitakwenda kwenye ibada ya Njia ya Msalaba, ya kutafakari mateso ya Yesu.