Barua pepe zaidi ya 3,000 kwa usiku mmoja, naomba ushauri

Wakuu, habari zenu. Nina nyumba ndogo ya wageni hapa Bagamoyo. Juzi usiku simu ililia mfululizo mpaka chaji ikaisha. Asubuhi nakuta barua pepe zaidi ya 3,000, nyingi za kuthibitisha usajili nisioufanya, hata za Kijerumani zimo. Gmail yangu ya bure, GB 15, imejaa. Barua za wateja zinarudishwa. Familia moja iliomba vyumba vitatu, ikakosa jibu, ikalala kwingine. Inauma sana.

Wezi nao hutumia mbinu hii kuficha ujumbe wa benki, nami sijamaliza kupekua. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inagusa ujumbe usioombwa. Je, nianzie polisi? Na nikifuta zote, si nitapoteza ushahidi?