Mjadala: Je, sheria izuie kuuzwa simu ambazo betri zake hazibadilishiki?

Dada Wakala, Nkuhungu (mwanzisha mada)

Mbukwenyi ndugu zangu. Mimi ni wakala wa miamala ya pesa hapa Nkuhungu, Dodoma, na simu ndiyo jembe langu. Ninayofanyia kazi niliinunua miaka miwili na miezi kadhaa iliyopita. Ilipokuwa mpya nilikuwa naichomoa kwenye chaja saa 12 asubuhi, nafunga kibanda saa 2 usiku, na chaji bado ipo. Siku hizi ikifika saa 6 mchana iko hoi. Kibaya zaidi, inaonyesha asilimia 25 halafu inazima ghafla, mteja amesimama dirishani na muamala uko katikati. Wiki iliyopita mzee mmoja alikuwa anatuma ada ya mjukuu wake, simu ikazima. Tulikaa pale karibu nusu saa, yeye ameshika kichwa, mimi nimechomeka chaja huku naomba umeme usikatike.

Nikaenda kwa fundi. Akaikagua, akasema simu ni nzima: kioo kizima, laini zinashika, spika inalia. Kilichochoka ni betri tu. Lakini betri ya toleo lile hana, na duka nililonunulia nao hawana. Wakaniambia, "Ongeza hela uchukue mpya." Hapo ndipo moyo uliponiuma. Simu ya laki tatu na nusu itupwe kwa sababu ya kitu kimoja kilichobandikwa kwa gundi ndani?

Nokia 1100, ile ya 2003, ulikuwa unafungua mgongo kwa vidole, unatoa betri ya BL-5C, unaweka nyingine. Betri ya aina hiyo inauzwa mpaka leo, na redio nyingi ndogo zinaitumia.

Hoja yangu ni hii. Bunge letu liko hapahapa Dodoma, litunge sheria: simu isiuzwe Tanzania kama betri yake haibadilishiki kwa vifaa vya kawaida, na anayeagiza simu aagize na betri zake za akiba. Umoja wa Ulaya wameshaanza. Tangu tarehe 20 Juni 2025, simu mpya zinazoingizwa sokoni kwao lazima betri ibaki na asilimia 80 ya uwezo wake baada ya mizunguko 800 ya chaji (mzunguko mmoja ni kumaliza chaji yote na kuijaza tena), na spea zipatikane kwa miaka 7 baada ya toleo hilo kuacha kuuzwa. Kwa nini sisi tusidai? Nawaombeni mchangie, hata mnaopinga.

Fundi, Sabasaba

Dada, pole. Nakuunga mkono nusu, nusu nakupinga, na nitaeleza kwa nini.

Betri hizi za lithiamu zilianza kuuzwa na Sony mwaka 1991, na ugonjwa wake ni uleule tangu siku hiyo. Kila ukichaji, lithiamu kidogo inanasa kwenye utando unaoota ndani na hairudi tena kufanya kazi. Betri nyingi za simu zikifika mizunguko 500, zimebaki na asilimia 80 hivi. Na utando ukinenepa, umeme unapita kwa shida. Ndiyo maana simu yako inazima ikiwa na asilimia 25: chaji imo, ila simu ikihitaji nguvu nyingi kwa mara moja, betri inashindwa kuisukuma.

Joto ndilo linaloharakisha yote haya. Apple wenyewe wanasema simu isitumike penye joto la zaidi ya nyuzi 35. Sasa fikiria kibanda cha bati Oktoba hii yetu kabla mvua hazijaanza, simu iko kwenye chaja tangu asubuhi, imejaa asilimia 100, na kava nene juu yake. Nimefungua simu za mawakala wengi, na betri zao huvimba mapema kuliko za watu wengine. Tafadhali iweke kivulini, vua kava unapochaji, na usiisubiri ifike sifuri.

Ninapopinga ni hapa. Ukisema betri ibadilishike halafu ukaishia hapo, utawafurahisha wauza feki. Naletewa betri imeandikwa mAh 5000, yaani kipimo cha chaji inayobeba, nikiipima haifiki hata nusu. Mteja ananilaumu mimi. Betri feki siyo tu haikai na chaji, inaweza kuwaka moto. Shirika la Viwango lianze na hizo, ndipo tuzungumze gundi.

Mwenye duka, Madukani

Ndugu mwanzisha mada, nakuelewa, ila usisahau nani ananunua. Mteja wangu wa kawaida anakuja na laki moja na nusu, anataka kioo kikubwa, kamera nzuri na ujazo wa kutosha. Tangu nifungue duka hajawahi kutokea mtu akaniuliza kama betri inatoka. Kampuni inatengeneza kinachoulizwa.

Halafu soko letu si la kuwatisha watengenezaji. Ulaya ikisema, kiwanda kule Shenzhen, China, kinabadilisha mashine. Sisi tukisema, watapeleka mzigo nchi jirani na simu zitaingia kwa njia za panya, bila kodi wala waranti. Utakuwa umemwongezea mnunuzi bei na kumpunguzia haki.

Na hiyo sheria ya Ulaya ina mlango. Sharti lao la mtumiaji kujibadilishia betri mwenyewe linasamehe simu isiyopitisha maji wala vumbi, ilimradi betri yake ifikishe mizunguko 1,000 ikiwa bado na asilimia 80. Kwa hiyo hata wao hawakukataa gundi moja kwa moja.

Kijana wa Chimwaga

Nasoma chuo hapa UDOM. Suala la vumbi nalichukulia kwa uzito. Upepo wa Agosti unaingia mpaka kwenye daftari. Kaka yangu alikuwa na simu ya mgongo wa kufungua, kila mwezi alikuwa anasafisha tundu la chaji na vidole vya betri kwa mswaki. Yangu iliyozibwa ina miaka mitatu haijaingia chembe. Mimi napendelea iliyozibwa.

Lakini kuna jambo upande wa dada. Desemba 2017 Apple walikiri kwamba walikuwa wanapunguza kasi ya iPhone zenye betri zilizochoka ili zisizime ghafla, na hawakuwa wamewaeleza watu wazi. Kelele zilipozidi, wakashusha bei ya kubadilishiwa betri kutoka dola 79 hadi 29. Waliobadilisha, simu zikarudi na kasi yake. Watu wangapi walikuwa wameshanunua mpya wakidhani simu imezeeka, kumbe ni betri? Ufaransa iliwatoza faini ya euro milioni 25 mwaka 2020, kwa sababu hawakuwaambia wateja.

Mama wa Bahi

Wanangu, hamjambo. Nimesoma yote. Mimi nalima mpunga, na nyumbani kwangu umeme bado haujaingia. Nachajisha kwenye duka lenye sola, shilingi 500 kila nikipeleka. Simu ilipokuwa mpya nilikuwa napeleka mara mbili kwa wiki, shilingi elfu moja. Sasa napeleka kila siku, maana ikilala haiamki. Hiyo ni elfu tatu na mia tano kwa wiki, na mwendo wa kwenda na kurudi juani juu yake. Huyo ndugu mwenye duka anasema mteja hajawahi kumuuliza. Mimi sikujua kama kuna kitu cha kuuliza. Nilionyeshwa kioo na kamera, nikalipa.

Kitochi changu cha zamani bado ninacho. Ndicho ninachopigia simu hii kubwa ikifa.

Dada Wakala, Nkuhungu

Mama, shikamoo. Hesabu yako imenifanya nirudi kuandika.

Fundi, nakubali kuhusu feki, na kuhusu kibanda changu pia. Tangu jana simu naiweka chini ya meza, kava nimevua. Kijana, hoja ya vumbi naikubali. Basi nalegeza kamba: mgongo uzibwe, sawa, ila fundi aweze kuufungua bila kuvunja kitu, na betri halali iwepo nchini.

Mwenye duka, hapo kwenye soko dogo sikubaliani nawe kabisa. Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano ilizima simu feki nchi nzima. Tuliambiwa haiwezekani, na ikawezekana. Watu wakajifunza kuhakiki namba ya simu kabla ya kulipa. Tena ninachoomba sasa hakimgusi mtengenezaji wa Shenzhen. Kinakugusa wewe na anayekuletea mzigo. Ufaransa kuanzia Januari 2021 simu ilikuwa inauzwa ikiwa na alama, kwenye 10, iliyoonyesha inatengenezeka kwa kiasi gani, na alama hiyo ilikuwa karibu na bei. Wewe weka kikaratasi tu dukani: betri ya simu hii inapatikana wapi, bei gani, kwa miaka mingapi. Mama wa Bahi akikisoma, atauliza.

Mwenye duka, Madukani

Kikaratasi naweza, hata kesho. Ila nitakachoandika kwa matoleo mengi ni kwamba betri haipatikani. Ninayenunua mzigo kwake Kariakoo hajawahi kuniletea hata moja.

Dada Wakala, Nkuhungu

Andika hivyohivyo, kaka. Na ukienda Kariakoo, mwonyeshe.

Fundi, Sabasaba

Dada, nitumie namba ya toleo la simu yako, imeandikwa kwenye mipangilio, sehemu ya kuhusu simu. Nina simu mbovu kadhaa za kampuni hiyo, huenda mojawapo betri yake ikaingia. Nitaipima kwanza mbele yako. Na Mama, simu yako kubwa ukija mjini ipitishe hapa. Kama mgongo umeanza kunyanyuka, usiichajishe tena kabla sijaiona.

Mama wa Bahi

Mgongo umenyanyuka kidogo upande wa kamera, nilidhani niliikalia. Asante mwanangu, naizima sasa hivi. Jumamosi nakuja.